Albamu iliyobaki chini ya mawe

Mama anasema gauni lilikuwa la kijani. Shangazi anasema bluu, bluu ya ziwa asubuhi. Walibishana siku mbili, mimi nimeshika daftari katikati yao, hadi mjomba, mtu asiye na haraka ya maneno, akamaliza sigara yake na kuuliza: "Ile foto ilikuwaka nyeusi na nyeupe. Nyinyi rangi munaitoa wapi?"

Kimya. Kisha mama: "Mimi njo nililivalaka."

Kesi ikaisha. Kesho yake nikaenda sokoni Birere kutafuta kitambaa cha kijani.

Picha tuliyokuwa tukigombania ni ya harusi ya wazazi wangu, mwaka 1979, na haipo. Iliungua pamoja na nyumba yetu ya Goma, mashariki mwa Kongo, Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002, mlima wa moto Nyiragongo ulipopasuka ubavuni na lava ikateremka hadi katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikalichoma Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaenda kuzimikia ziwani. Mama aliokoa godoro, sufuria mbili na watoto wake. Mimi nilikuwa na miaka 14, nikapewa redio kubeba. Albamu ilibaki juu ya kabati, ile albamu ya plastiki yenye maua kwenye kifuniko, ambayo kila nyumba ilikuwa nayo. Usiku ule tukivuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda, hakuna aliyeifikiria. Ilikumbukwa miezi kadhaa baadaye, shangazi alipofiwa na mume wake na hakukuwa na picha hata moja ya kuweka juu ya jeneza. Mtu mmoja akaleta kadi yake ya zamani ya uchaguzi wa wafanyakazi, uso mdogo kama ukucha, umeliwa na muhuri. Ndiyo iliyozikwa naye.

Kazi yangu ni kupiga picha. Nilianzia kwenye studio ya pasipoti na harusi, moja ya zile zenye pazia lililochorwa bustani, chemchemi na ndege inayopaa. Siku hizi vijana wanalicheka pazia hilo. Mimi silicheki. Mteja aliingia na viatu vyenye tope, akaazima koti la studio, akaweka mkono juu ya simu ya mezani isiyo na waya, akatoka na picha ambayo mama yake kijijini aliitundika miaka ishirini. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba picha za kupangwa ni mambo ya kigeni, namshangaa. Sisi tumekulia ndani yake.

Ila nilipoanza kuzipanga kama sanaa, nilianza vibaya. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya wiki mbili, mkufunzi akituonyesha kazi za watu kwenye kompyuta. Samuel Fosso, aliyefungua studio yake Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13, na ambaye filamu iliyobaki baada ya wateja aliimalizia kwa kujipiga mwenyewe, ili bibi yake kule Nigeria amwone. Sammy Baloji wa Lubumbashi, ambaye mwaka 2006 alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi akazibandika juu ya viwanda vilivyoachwa, hadi unawaona wale watu wamesimama tena pale walipofanyishwa kazi. Na Tracey Moffatt wa Australia, mwenye damu ya wenyeji wa kule, ambaye mwaka 1989 alitengeneza mfululizo wa picha tisa, mandhari yamechorwa ukutani, yeye mwenyewe akicheza msichana anayetamani kuondoka kwenda mjini. Mkufunzi alitueleza kwamba kwa wenyeji wa Australia ardhi ya wahenga haihesabiwi kama mali. Ni jamaa, ina haki juu yako, inakudai. Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari nikaipigia mstari. Kisha nikaenda kufanya kinyume chake.

Nilimchukua binti mrembo wa jirani, nikamzungushia kikwembe chekundu mita sita, nikampandisha juu ya lava kule Buhene, kijana mwingine amejificha nyuma ya mwamba anachoma matairi ili moshi utoke. Nilijiona nimefika. Nilichapisha picha kubwa, nikampelekea mama. Akaitazama kwa heshima, akaivuta karibu na dirisha.

"Huyu anatangaza sabuni gani?"

Nilikasirika wiki nzima, maana alikuwa amesema kweli. Hakukuwa na mtu yeyote ndani ya picha ile. Ule mlima ungeweza kuwa mlima wowote na yule binti binti yeyote. Niliyapita mawe ambayo chini yake kuna nyumba yetu, nikaenda kutafuta "wahenga" kilomita kadhaa huko mbele.

Wazo likaja kutoka kwa yule yule mama, bila yeye kujua. Tulikuwa tunachambua maharage, akaanza kueleza picha moja ya albamu: nani alisimama wapi, nani alikodoa macho kwa sababu ya jua. Akaeleza na ya pili. Kufikia jioni nilikuwa na picha kumi na saba zilizoandikwa kwa kalamu, bila kamera. Nikamwambia: tuzipige upya. Pale pale.

Pale pale ni wapi? Hilo lilituchukua muda kuliko gauni. Nyumba ipo, ila iko chini, kama mita mbili za mawe, na juu yake mji umejengwa tena kwa mbao na bati. Hakuna mwembe wa kukuelekeza, hakuna kona. Mjomba alianzia kwenye kuta za kanisa kuu, akahesabu hatua kuelekea ziwani, akasimama: "Hapa ni mulango." Mama akamwambia amesimama kwenye choo cha jirani. Wakarudi kanisani, wakahesabu upya. Mjomba alikuwa na hatua za mtu wa miaka sabini, na mama akamkumbusha kwamba zamani alikuwa anatembea kwa haraka zaidi. Mwishowe tulikubaliana juu ya kipande kitupu kati ya nyumba mbili za mbao, mahali ambapo mzee mmoja alikuwa anavunja lava kwa nyundo na kuuza kokoto kwa ndoo.

Mzee yule tulimlipa siku tatu za kazi yake ili atupishe. Alitusikiliza, akaangalia chini kwenye shimo lake, lililomfika magotini. "Miaka mbili nashuka," akasema. "Nikifika ku meza yenu, nitawaita."

Sasa niseme kidogo kuhusu lava, kwa wenzangu wanaopiga picha, maana hili sikufundishwa na mtu. Kamera hupima mwanga kana kwamba dunia nzima ni ya kijivu. Ukiielekeza kwenye jiwe jeusi inadhani ni giza, inaongeza mwanga, na uso wa mtu unatoka umepauka kama aliyepakwa unga. Ilinibidi nishushe hatua moja, mara nyingine moja na nusu, na kupima kwenye shavu la mtu badala ya kupima mandhari. Hilo ni jepesi. Gumu ni kwamba lava hairudishi mwanga. Mtu akisimama kwenye mchanga au kwenye saruji, ardhi yenyewe inamwangazia kutoka chini, kwenye kidevu, ndani ya macho. Kwenye lava hakuna kitu kinachorudi. Saa sita mchana macho yanakuwa mashimo mawili. Nilitandika shuka jeupe chini, nje kidogo ya picha, mbele ya miguu yao, na nyuso zikafufuka. Shuka lilichanika siku ya kwanza, kwa kuwa yale mawe yana meno. Nikanunua jingine mitumba. Lilichanika. La tatu nililitoa kitandani kwangu.

Tena lava si moja. Ya 2002 imeshaota utando wa kijivu, ule uoto mdogo kama majivu unaotangulia mimea yote, na asubuhi kukiwa na umande inang'aa karibu fedha. Kwa macho ya mgeni ni jiwe tu jeusi. Mtu wa Goma anajua ni mwaka gani amesimama juu yake.

Turudi kwenye harusi. Kucheza mama nilikuwa nimemwandaa binamu wa miaka 21, umri ule ule wa bibi harusi. Mama alipomwona amevaa gauni la kijani, akamwambia alivue. Harusi yake avae mtu mwingine? Tukalipeleka gauni kwa fundi, akalipanua pande zote mbili, na mama mwenye miaka 60 akasimama kwenye lava akiwa bibi harusi wa 1979. Pembeni yake mdogo wangu, aliyefanana na marehemu baba hadi kwenye masikio, akicheza baba yake mwenyewe. Watu wa mtaa walijaa. Mtu mmoja akapiga vigelegele kama utani, wengine wakadakia kwa dhati. Nilikuwa nimepanga picha ya huzuni, na kila mtu ndani yake alikuwa anacheka, mama amejishika mbavu. Nilisubiri watulie. Hawakutulia. Niliipiga hivyo hivyo, na baadaye mama akaniambia kwamba hata ile ya kweli walicheka, fotografe wa zamani akawagombeza.

Picha ya tate, babu yangu mzaa mama, ilihitaji chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ya kusukuma kwa mguu. Si ile sanamu ya dhahabu pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara. Chukudu ya kazi, ya mikaratusi, magurudumu yamevikwa mpira wa tairi na kipande cha sandali kimepigiliwa mahali pa kuwekea goti. Tate alikuwa anateremsha viazi kutoka Kibumba. Nilimpata kijana anayeendesha, nikamvisha kofia ya kizee. Mjomba akaja akamvua. "Baba alishikaka kofia mu mukono. Mbele ya mashini ya foto hakuvalaka kofia, ilikuwa ni heshima." Kijana akaishika mkononi, na mara mabega yake yakabadilika, akasimama wima kama mtu aliyeitwa mbele ya chifu. Nisingeweza kumwelekeza vile hata kwa siku nzima.

Zipo zilizoharibika. Usiku mmoja nilitaka wanawake wa ukoo wakae kwenye viti, nyuma yao Nyiragongo ukiwaka. Miaka ile ziwa la moto lilikuwa bado ndani ya kreta, na usiku mweupe wa mawingu mepesi mwanga mwekundu ulionekana kutoka mjini. Kamera ilihitaji sekunde ishirini kuvuta mwanga ule. Shangazi hawezi kukaa sekunde ishirini bila kusema neno. Alitoka kwenye picha kama moshi, kichwa kipo na hakipo. "Umenifanya muzimu," akaniambia, na hakunitania. Aliniamuru niifute mbele yake. Niliifuta. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka ule, na nasema hivyo hadi leo, ila uso ulikuwa wake.

Na ipo moja ambayo sikuipiga kabisa. Haikuwa ya albamu. Niliitunga mwenyewe, tamaa ya yule mtu wa moshi wa matairi ilikuwa haijaniisha. Nilitaka mtoto amechuchumaa kwenye bonde dogo alfajiri, ukungu umelala juu yake, kana kwamba ardhi inamzaa. Tukaenda upande wa magharibi, kuelekea Mugunga, kabla jua halijatoka. Nilipata shimo la kupendeza, majani yamekauka chini, hewa imetulia tuli. Nilikuwa nimeshamshika mpwa wangu mkono nimteremshe, mama mmoja mwenye jembe begani akapiga kelele kutoka barabarani.

"Musiweke mutoto mule! Mule kuna mazuku!"

Nimezaliwa Goma. Neno mazuku nimelisikia tangu tumboni. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini, kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa tunayovuta, inayojikusanya mabondeni usiku usio na upepo na kumaliza mbuzi, watoto, mtu mzima aliyelala. Haionekani, hainuki. Hata wataalamu wa volkano wa nchi za mbali wanaiita kwa neno letu hili hili la Kiswahili. Na mimi, mtoto wa mji, niliona shimo nikaona fremu. Yule mama aliwasha njiti ya kiberiti akainama, akaishusha ndani polepole. Ilizimika kabla haijafika chini, kama iliyotiwa kwenye maji. Kisha akanionyesha kwa ncha ya jembe mjusi aliyekufa kwenye majani, pale pale ambapo nilikuwa nimepanga kuweka goti la mtoto.

Hakunisema. Aliuliza tu kama mtoto ni wangu. Nilimwambia ni wa dada yangu. "Murudishe kwao," akasema, akaenda shambani. Sijapiga picha bondeni tangu siku ile bila kuwauliza kwanza wanaolima pale, na saa za alfajiri siku hizi ninalala.

Nimeiacha mwisho picha ya watoto, kwa sababu bado sijui niielezeje. Katika albamu tulikuwa watoto sita tumepangwa kwa urefu mbele ya mlango, Krismasi ya 1989. Wa tatu ni kaka yangu, aliyefariki kwa surua mwaka uliofuata, akiwa na miaka 6. Ile ilikuwa picha yake pekee. Mama alisema katika zote, hiyo ndiyo anayoitaka.

Shangazi akakataa. Mtoto aliye hai hasimamishwi mahali pa marehemu. Niliona ana haki, nikapendekeza tuache nafasi wazi kwenye mstari, watano na pengo. Niliona ni wazo zuri; wazungu wa mafunzo wangelipenda sana. Mama akanitazama kama mtu asiyejua lugha. "Nafasi wazi naionaka kila siku. Ya kazi gani kuipiga foto?"

Tukakaa. Chai ikapoa. Wakati huo mtoto wa mdogo wangu anaingia na kutoka, anataka pesa ya biskuti. Mtoto huyo ni somo wa marehemu, anabeba jina lake tangu alipozaliwa. Kwa hiyo mimi, mtu mzima mwenye ndevu, namwita yaya, kama ninavyopaswa kumwita kaka yangu mkubwa. Mama hamtumi dukani kama anavyowatuma wengine. Shangazi mwenyewe, akija na ndizi, anampa yeye kwanza na kumwuliza habari za safari, utani ambao mtoto ameuzoea na anaujibu: "Nilifika salama." Yote haya tulikuwa tunayafanya kila siku, miaka sita, bila kamera.

Shangazi ndiye aliyeliona. Aliweka kikombe chini. "Na yaya wenu si huyu hapa?"

Asubuhi ya saa moja na nusu tukawapanga watoto sita kwa urefu juu ya mawe, shuka langu la kitanda limetandikwa mbele yao. Mzee wa kokoto alikaa pembeni na nyundo yake magotini. Mtoto alipofika kwenye nafasi ya tatu aligeuka akaniuliza: "Nisimame kama mimi ao kama yeye?"

Sikuwa na jibu. Mama akamjibu kutoka nyuma yangu: "Simama tu."

Nilipiga mara nne. Kwenye ya pili anajikuna sikio. Mama alichagua hiyo.

Kati ya zile kumi na saba tulimaliza tisa. Nilizichapisha, mama akanunua albamu, plastiki, maua kwenye kifuniko. Alizunguka soko zima kutafuta inayofanana. Akaiweka juu ya kabati.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mbingu ikawa nyekundu tena. Lava ilisimama pembezoni mwa mji, kule Buhene, na ile niliyompandisha binti wa kikwembe sasa iko chini ya nyingine. Ardhi ikaendelea kutetemeka siku nyingi, na tarehe 27 mitaa 10 ya Goma ikaamriwa kuhama, wetu ukiwemo. Barabara ya Sake ilijaa watu, magodoro, mbuzi, chukudu zimebeba wazee. Nilimkuta mama njiani mvua inanyesha, ameketi juu ya mzigo wake, kitenge kichwani. Nikaufungua kumsaidia kuupanga upya. Sufuria mbili, unga, godoro la mtoto.

"Na albamu?" nikamwuliza.

"Iko ku kabati."

Nadhani aliuona uso wangu, maana alinivutia kona ya kitenge nami nijikinge mvua.

"Wewe si uko hapa? Utazipiga tena," akasema. "Sufuria nitazitoa wapi?"